Opereta na Tangi la Giza

Opereta aliogopa maji masafi. Machafu hayakumsumbua. Angeweza kusimama juu ya tangi la kwanza, pale maji ya vyoo vya shule yanapoingia yakiwa na rangi unayoijua na harufu unayoijua, akapiga mswaki wake wa mti taratibu huku akikusimulia habari za mvua iliyonyesha Wajir. Lakini umwekee mezani glasi ya maji yanayong'aa, ataisogeza kando kwa kidole kimoja na kuanza kuuliza. Yametoka wapi? Kuna choo karibu? Nani amekunywa mbele yangu?

"Maji mchafu iko na adabu," alikuwa akisema. "Inakuambia, mimi mchafu, kaa mbali. Hii ingine inanyamaza tu."

Nilifanya kazi naye miaka minne, katika mtambo mdogo wa maji taka nyuma ya shule moja ya bweni ya wasichana, upande wa Galbet, hapa Garissa. Mimi nilitoka Machakos na stashahada yangu ya maabara na koti jeupe ambalo lilidumu jeupe siku tatu. Cheo changu kilikuwa mpima maji. Yeye nilimkuta pale, akiwasha pampu, akifungua na kufunga koki, akitoa matambara na vitana vilivyoziba mabomba. Wasichana walimwita Opereta, wapishi walimwita Opereta, na hata karatasi ya mahudhurio aliisaini kwa neno hilo hilo, kwa herufi kubwa zilizopinda.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Nyumbani kwetu tulilelewa kwa ile methali kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na mimi niliishika kuliko sala. Nachemsha maji, nafunga mlango mara mbili, nasoma maandishi madogo kwenye chupa za dawa. Nilipomwona mtu mzima anayeogopa glasi ya maji, nilijiambia nimepata mwenzangu.

Vile vijidudu vya kwenye matangi aliviita mifugo. Alikuwa na makundi mawili, na siku yangu ya kwanza alinizungusha kunionyesha kama mtu anayeonyesha mgeni boma lake. Kundi la kwanza lilikaa kwenye tangi la wazi, lenye mashine ya kupuliza hewa chini, maji yakitokota kutwa bila moto. Hao kazi yao ni kula amonia, ile inayotokana na mkojo, ile inayokuchoma pua ukiingia choo kilichofungwa. Wakiila wanaigeuza kuwa nitrati. Nitrati haina harufu, haina rangi, haina ladha. Hapo ndipo Opereta alipoanza kushusha sauti.

Kundi la pili lilikaa kwenye tangi lililofunikwa kwa mbao, lisilo na hewa, ambalo sote tuliliita tangi la giza. Hao, kwa kukosa hewa, hunyang'anya ile iliyojificha ndani ya nitrati, na kinachobaki ni gesi ya nitrojeni, ambayo hupanda juu na kwenda zake, ile ile iliyojaa katika pumzi zetu. Hapo maji yanakuwa salama kumwagwa kwenye shimo la kunyonyea, chini ya shamba la nyasi lililokuwa nyuma ya mtambo.

Nilimuuliza kwa nini tusipulize hewa kote kote, mambo yaende haraka.

Alinitazama kwa huruma, akaniita dada kwa Kisomali, lugha iliyomfanya atamke p kama b na v kama f. "Abaayo, wewe ukiwa na mtungi ya maji mlangoni, utaenda kuchimba kisima?"

"Siendi."

"Basi. Ukimba hewa huyo wa bili, ataacha kazi. Nitrati itabita hifi, unaiangalia, huioni."

Sikuwahi kusikia mhadhiri akieleza vizuri zaidi ya hapo, na mhadhiri wangu alikuwa na michoro ya rangi.

Kila asubuhi alichota tope kutoka tangi la giza, akalitia katika chupa ya jemu na kuiweka ukutani juani. Kisha alikaa akaitazama. Baada ya muda tope lililokuwa limetulia chini lingeanza kuumuka, viputo vidogo vinalibeba, na lote likapanda juu ya maji. Viputo ndivyo nitrojeni yenyewe ikiondoka. Tope likipanda, Opereta husema "Alhamdulillahi" na kwenda kunywa chai. Likichelewa, hanywi. Mimi nilikuwa na vipimo vyangu vya karatasi, vya amonia vikiwa tele na vya nitrati vikiwa vimekwisha toka mwaka uliotangulia. Niliandika barua ya kuomba vingine, nikaandika ya pili, nikachoka. Nilijiambia chupa ya jemu inatosha.

Alikuwa mtu wa dini na kazi yake ilikuwa najisi kutwa nzima, na katikati ya mambo hayo mawili alijijengea sheria zake. Nguo za kazi hazikuvuka lango. Alioga kwenye kibanda cha bati, akajisugua mpaka ngozi ya viwiko ikapauka, akavaa kanzu, akajipaka atari nyingi, kisha akapita njia ya nyuma kwenda msikitini ili upepo usimpitishe mbele ya watu. Haikusaidia. Harufu ya tangi la giza wakati wa joto kali ilifika msikitini yenyewe, ya mayai viza, na watu walipoinusa walimtazama yeye. Alisali kwenye ncha ya safu. Pale hotelini alikokunywa chai kikombe chake kilitundikwa msumari peke yake. Nilimwona akisalimu wanaume waliokaa nje ya duka, "Assalaamu alaykum," nao wakajibu huku wamekunja mikono kwapani, asije mtu akalazimika kumpa mkono. Alipita akitabasamu. Nilidhani amezoea.

Ramadhani alifunga kama wengine, lakini mifugo aliilisha saa sita mchana. Chakula cha wale wa gizani kilikuwa molasi, ile nzito nyeusi wanayopewa ng'ombe, na harufu yake ukiwa na njaa inakutia kizunguzungu. Alimwaga akiwa amegeuza uso. Likizo za shule ndizo zilizomkosesha raha zaidi. Wasichana wakienda nyumbani, hakuna maji ya kuingia, na mifugo inakufa njaa. Kwa hiyo, wakati sisi wengine tunashukuru harufu imepungua, yeye alikuwa barabarani akisimamisha magari ya kunyonya vyoo, akiwabembeleza madereva waje wamwage kwetu. Dereva mmoja alinisimulia akicheka kwamba hajawahi kuombwa kinyesi kwa jina la Mungu.

Sasa nije kwenye kucha.

Opereta alikuwa na tabia ya kutazama kucha za watoto wachanga. Mama akipita na mtoto mgongoni, angesimama, akainama, akachungulia vidole, kisha midomo, halafu akaenda zake bila kusema kitu, hata "Masha'Allah" ambayo watu huisema ili wasidhuru. Unaweza kufikiri ilivyopokelewa. Wakasema ana jicho. Nilishuhudia mama mmoja sokoni akimfunika mwanawe kwa shuka nzima alipomwona anakuja, na jua lilikuwa linawaka. Nilipomuuliza Opereta anatafuta nini, alisema, "Rangi." Nikangoja. Akaongeza kwamba aliwahi kuona mara moja, sehemu moja, kisima kimechimbwa karibu na vyoo, na mtoto mmoja. Hapo aliacha, akaanza kupangusa koki iliyokuwa safi.

Ningemuuliza zaidi. Sikuuliza, kwa sababu wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na mwenye mimba hataki kusikia mwisho wa hadithi kama hiyo.

Nilijifungua msichana. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, na jirani yangu, mama mmoja Msomali mwenye watoto saba, ndiye aliyenishika mkono. Maziwa yangu yalikuwa haba. Mwezi wa pili nikaanza kumpa mtoto ya kopo. Niliporudi kazini na mtoto mgongoni, Opereta alikuja moja kwa moja, akainama, akachungulia vidole.

Mimi ni Mkristo, nimebatizwa na kukomunika, na jicho la mtu siliogopi kanisani. Lakini mwili ulinisisimka. Jirani aliposikia aliweka mkono kifuani. "Abaayo, funika yeye mikono," akaniambia. "Kesho ataangalia tena." Siku hiyo hiyo nikanunua soksi ndogo za mikono, nyeupe, zenye utepe, nikamvalisha mtoto katika joto la Garissa ambalo hata mbuzi hulitafutia kivuli. Nikaacha pia kwenda naye kazini. Alibaki kwa jirani, na soksi zake.

Opereta hakuniuliza kwa nini. Alikuwa akisema tu kila asubuhi, "Mtoto kucha yake rangi gani?" kama mwingine anavyouliza habari za nyumbani, nami nikajibu, "Nzuri, Mzee," bila kuwa nimezitazama.

Msimu ule wa joto harufu ilizidi. Wazee wa msikiti walikuja kwa mwalimu mkuu, wakaja tena, na mara ya tatu wakaja na taarifa kwamba wageni wakubwa watatembelea shule na ingekuwa aibu. Mwalimu mkuu akaniita, akataka harufu iishe kabla hawajafika. Opereta alikuwa Kutulo, kwa matanga ya ndugu yake, ningelazimika kuamua peke yangu. Niliogopa aibu, niliogopa barua ya onyo, niliogopa kurudishwa Machakos bila kazi na mtoto mchanga. Nikachukua bomba la hewa la akiba, nikalitumbukiza ndani ya tangi la giza, nikawasha.

Siku ya pili harufu ilipungua. Siku ya nne ilikwisha kabisa. Nilipima amonia: karibu hakuna. Maji ya kutokea yaling'aa hata ukaweza kuona kokoto chini. Imamu mwenyewe aliniombea dua langoni.

Opereta aliporudi alisimama juu ya zile mbao kwa muda mrefu, akasikiliza povu chini.

"Nani ameweka?"

"Mimi. Ni mpaka wageni waondoke tu, Mzee. Tafadhali."

Alivuta hewa kwa pua, akavuta tena. "Harufu imeisha," akasema, kwa sauti ambayo sikuielewa. Kisha akasema, haya, wageni wakienda tutoe.

Wageni walikuja, wakasifu, wakaenda. Bomba likabaki. Nilikuwa na mtoto anayeamka usiku kucha na kichwa changu hakikuwa changu. Nilikuwa nikimwona Opereta kila asubuhi ameweka chupa yake ukutani, na sikumwona akihangaika, kwa hiyo nikachukua kwamba tope linapanda. Yeye ndiye aliyeogopa kuliko mimi. Kama yeye ametulia, mimi nani?

Siku hizo hizo maji ya mfereji yalikatika mtaani. Mwenye punda, mwanamume mpole mwenye mkokoteni wa buluu, akaanza kutuletea mitungi kutoka kisima kimoja kifupi kilichokuwa kwenye mteremko, upande wa chini wa lile shamba la nyasi la mtambo wetu. Maji yalikuwa baridi na matamu. Mimi mwoga sikuyaamini. Niliyachemsha, nikayaacha yapoe, nikayachemsha tena mpaka sufuria ikabaki nusu, ndipo nikachanganya maziwa ya mtoto. Nilijiona mama hodari sana. Kuchemsha huua vijidudu. Nitrati haichemki ikaondoka; maji yanapopungua yenyewe inabaki, imekolea. Hilo nalijua. Nililijua hata siku ile, lilikuwa kwenye daftari langu la chuo, lakini nitrati ilikuwa kitu cha kazini, na sufuria ilikuwa kitu cha nyumbani.

Mtoto akaanza kulala sana. Jirani akasema ni joto. Akawa hamalizi chupa. Nikasema ni meno, ingawa alikuwa na miezi mitatu.

Ilikuwa mchana, saa ya Ijumaa watu wakiwa wametoka msikitini. Nilikuwa nimekuja nyumbani kumnyonyesha kidogo nilichokuwa nacho, na jirani alikuwa amemleta mtoto. Mlango ukagongwa kwa nguvu, na kabla sijaufungua vizuri Opereta aliingia, akiwa na nguo za kazi, zile ambazo hazikuvuka lango maisha yake yote. Alikuwa amekimbia. Alinukia matangi.

"Mtoto," alisema. "Nionyeshe mtoto."

Jirani akapiga kelele, akajitupa mbele ya kitanda. Opereta alimpita, akamchukua mwanangu, akavuta ule utepe kwa meno.

Nikazitazama kucha za mtoto wangu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Zilikuwa na rangi ya zambarau ya jioni, na vidole vyote, na alipomgeuza kwenye mwanga wa mlango niliona midomo nayo, na nikaona kwamba ilikuwa hivyo toka asubuhi, labda toka jana, na nilikuwa nimeibusu. Sikulia. Nilisimama nikiwa nimeshika soksi moja mkononi, na jambo la pekee nililolifikiri ni kwamba ilikuwa safi, nilikuwa nimeifua jana yake.

"Usimbe maziwa hiyo tena," Opereta alisema. "Hata tone. Twende."

Sijui tulifikaje hospitali. Nakumbuka walimtoboa kisigino na damu iliyotoka ilikuwa ya kahawia, kama kahawa iliyokaa. Nakumbuka muuguzi akirudi nyuma hatua moja. Daktari alikuwa kijana, akauliza mtoto anakunywa nini, na kabla sijafungua mdomo Opereta alisema kutoka mlangoni, walikomzuia kwa ajili ya nguo zake, "Kisima. Nitrati. Imeshika damu yake, haibebi hewa." Daktari alimtazama mzee yule aliyelowa uchafu mpaka magotini, kisha akakimbia kuleta dawa.

Dawa yenyewe ni ya buluu. Walimwingizia kwenye mshipa, maji ya buluu kama wino wa shule, ndani ya mtoto ambaye tayari alikuwa anageuka buluu, na mimi nikatakiwa kuamini. Nilikaa sakafuni. Niliahidi Mungu vitu ambavyo sijavitimiza vyote. Baada ya muda, ambao wao waliuita mfupi, kidole gumba cha mguu kikarudi kuwa chekundu, kisha vingine. Mwanangu akalia kwa hasira. Sijasikia sauti nzuri kuliko ile.

Kisima kilifungwa siku hiyo hiyo. Bomba la hewa nililitoa mwenyewe kwa mikono yangu.

Kukaitwa kikao shuleni. Nilikwenda nikiwa tayari kusema: mimi ndiye niliyeweka hewa, nifukuzeni. Nilikuwa sijamaliza sentensi ya kwanza Opereta aliposimama.

"Tangi ni yangu," alisema. "Makosa ni yangu. Huyu mama mumwache."

Nilipinga. Hawakunisikiliza, mzee amekiri, mama ana mtoto mgonjwa, na kesi ikaisha. Wakamwachisha kazi mwezi huo. Aliondoka na chupa yake ya jemu ndani ya mfuko wa plastiki, na nilipomkimbilia langoni kumshukuru alinyosha kiganja kunizuia, akasema, "Usinishukuru, abaayo," na akashika njia ya mbele, si ile ya nyuma. Watu walikuwa wamerudi kumtazama kama zamani, kwa sababu harufu nayo ilikuwa imerudi.

Kwa miaka sita niliishi na jambo hilo. Niliwasimulia wafanyakazi wapya habari za mzee aliyenibebea kosa langu. Niliwafundisha mifugo, niliwafundisha mtungi mlangoni, niliwafundisha chupa ya jemu. Kanisani nikaombwa kutoa ushuhuda, nikamtaja yeye, Mwislamu, mbele ya waumini, na watu wakasema amina.

Mwaka jana nilitumwa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kupima maji ya zahanati fulani, na shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda na binti yangu. Mtu akaniambia Opereta yuko huko, kwenye duka la mwanawe, anauza tochi na betri. Tukamkuta amekaa ndani kwenye kivuli cha bati. Alikuwa amekonda. Hakuwa na atari tena, alinukia sabuni tu kama mzee yeyote.

Tulisalimiana. Binti yangu alipewa soda. Nilimwambia, "Mzee, huyu ndiye yule," na yeye akamtazama mara moja, haraka, kisha akatazama sakafu.

Nikaanza ule usemi wangu niliouandaa miaka mingi, wa kumshukuru kwa kubeba lawama yangu. Alinikata.

"Sikubeba ya mtu," alisema. "Nilisema makosa ni yangu, ndifyo ilifyokuwa. Nyinyi mlifikiri nasema uongo mzuri."

Sikuelewa. Akangoja mteja aliyekuja kuuliza betri aende.

"Ile siku wageni wameenda," akaendelea, "niliweka chuba kwa jua. Tobe ikakaa chini. Nikangoja mbaka dhuhri. Ikakaa chini. Kesho, ikakaa chini. Siku nane, abaayo."

"Siku nane ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukutoa bomba? Mbona hukuniambia?"

Alisugua viwiko, mazoea yale ya kibanda cha bati. Aliongea polepole, kwa Kiswahili alichokichagua neno kwa neno.

"Harufu iliisha. Nilienda msikiti, mtu akakaa karibu na mimi. Nikafikiri amekosea. Kesho akakaa tena. Hotelini wakaniletea chai kwa kikombe ya kila mtu. Watu walinishika mkono." Alitazama kiganja chake. "Miaka kumi na tisa. Nikasema, siku moja tu. Kesho natoa. Kesho nikasema hifyo hifyo."

"Na kisima?"

"Mwenye bunda alibita mbele ya lango kila asubuhi. Nilijua mitungi inatoka wabi. Nilijua mmoja ni wako. Nikasema kwa roho yangu, huyu mama ananyonyesha, mtoto hakunywi maji. Ile Ijumaa yeye ndiye aliniambia anacheka, mama wa shule anachemsha maji mara mbili kwa maziwa ya kobo." Akasogeza betri moja kwenye kaunta. "Nilimsalimia siku nane. Kila siku alisimamisha bunda, akashuka, akanishika mkono."

Binti yangu alikuwa anapiga kizibo cha soda kwenye kaunta, tak, tak. Niliogopa. Nilikuwa nimeogopa maji, na jicho, na barua ya onyo, na joto, na huyu mzee ndiye mtu pekee ambaye sikuwahi kumwogopa tangu Ijumaa ile. Sasa nilikaa hatua mbili kutoka kwake, nikimwogopa, na nilijua pia kwamba kama ningekuwa mimi niliyekaa ncha ya safu miaka kumi na tisa, sijui ningetoa lile bomba siku gani.

"Wewe sikuombi msamaha," alisema. "Huyu mtoto ndiye namwomba. Akikuwa mkubwa, mwambie yote. Usikate nusu."

Nilisimama, nikamshika mtoto mkono, na nikaona Opereta hakunyosha mkono wake. Mimi nami sikuunyosha wangu.

Tulikuwa tumefika kwenye gari, mtoto akauliza, "Mama, yule babu ni nani?"

"Ndiye aliyekuokoa maisha ulipokuwa mdogo," nikasema.

Ilikuwa kweli. Binti yangu aligeuka akampungia mkono kupitia dirishani, na nikamwona mzee akisimama mlangoni mwa duka, akiwa ameshika nguzo, asijue ampungie au asimpungie. Mzee alifariki kabla ya mvua za vuli. Ile nusu nyingine imebaki kwangu, nimeiandika hapa, na karatasi hizi nazifungia kabatini, kwa sababu mwaka huu binti yangu anasoma kila kitu anachokikuta mezani.